Upanga wa kwanza: Wilkinson wenye namba, wa Kifaransa wenye tarehe, au wa Solingen?

Mfuo_wa_Kati:
Salaam wakusanyaji. Nimejibana muda mrefu, sasa naweza kununua upanga mmoja tu wa kijeshi wa karne ya 19. Nimebakiwa na mitatu. Wa kwanza ni wa afisa wa Kiingereza wa askari wa miguu, una jina la Wilkinson ubapani na namba mgongoni. Wa pili ni kitara cha askari wa farasi wa Ufaransa, mtindo wa 1822, mgongoni kuna mwandiko unaokaribia kufutika. Wa tatu umeandikwa jina la duka la sare la London, ila karibu na mpini kuna chapa ndogo sana: kichwa cha mfalme na kofia ya chuma ya shujaa, bega kwa bega. Shabaha yangu ni kumjua aliyeufua. Upanga wangu wa mwanzo nilikaa nao miaka miwili nikiamini nimempata mhunzi wake, kumbe lile jina lilikuwa la fundi cherehani. Iliniuma. Mngechukua upi?

Ala_Tupu:
Pole ndugu, wengi tumepita hapo. Maafisa wa Kiingereza walijinunulia panga zao wenyewe, mara nyingi kwa mshona sare, naye aliandikisha jina lake kwenye chuma kilichofuliwa na mwingine. Jina kubwa la ubapani mara nyingi ni la muuzaji.

Mimi ningechukua Wilkinson bila kusita. Kampuni hiyo ilianza kuzipa panga zake bora namba katika miaka ya 1850, na madaftari yake mengi yamesalia. Namba inakupa mwaka, na mara nyingi hata jina la afisa aliyeagiza. Hebu fikiria, unashika chuma na unajua kiliagizwa na nani! Kagua pia kile kisahani cha shaba kilichozamishwa karibu na mpini, ndani ya nyota ya pembe sita. Nyota peke yake isikudanganye, maana mafundi wengi waliiiga. Namba ndiyo ushahidi.

Bint_Mhunzi:
Namheshimu Ala_Tupu, lakini hapa natofautiana naye. Mwenzetu ameuliza aliyefua, si aliyenunua.

Kitara cha Kifaransa kinasema chenyewe. Viwanda vya serikali viliandika mgongoni, kwa mwandiko wa kuunganisha herufi, jina la kiwanda na mwaka, mara nyingine hadi mwezi. Halafu kuna lile neno la katikati, ambalo kwangu ni tamu kuliko tarehe yenyewe. Royale ni wakati wa wafalme, hadi 1848. Nationale ni jamhuri. Impériale, kwenye mtindo huu wa 1822, ni Napoleon III, kuanzia 1852 hadi 1870. Serikali ikianguka, maneno ya mgongoni yanabadilika. Hata herufi za mwisho zikiwa zimelika, neno hilo linakufungia muda.

Na linakamata waongo. Klingenthal, kule Alsace, kilikuwa kiwanda cha silaha tangu 1730, lakini katika miaka ya 1830 kazi ya serikali ilihamia Châtellerault, mji mwingine wa Ufaransa. Basi ukikutana na Impériale pamoja na Klingenthal, hiyo inatakiwa iwe enzi ya Napoleon wa kwanza. Mtu akikuuzia kitara cha mtindo wa 1822 chenye maneno hayo mawili, mrudishie. Mtindo huo ulizaliwa Napoleon akiwa amekwisha kufa kisiwani St Helena.

Usisugue mgongo huo! Pangusa kwa mafuta mepesi, zima taa kubwa, kisha laza tochi ubavuni mwa chuma ili mwanga upite juu juu. Mikwaruzo ya herufi itatoa kivuli. Mtu akipitisha msasa pale, amefuta cheti cha kuzaliwa.

Ncha_Kali:
Bint_Mhunzi kasema vizuri, ila niongeze jambo moja ili mwenzetu asije akavunjika moyo tena. Zile chapa za duara zenye herufi karibu na mpini wa kitara cha Kifaransa si za mhunzi. Ni za wakurugenzi na wakaguzi waliokipitisha. Kwa hiyo utajua kiwanda, mwaka, na waliokikubali. Mkono uliopiga nyundo hautaujua.

Kofia_ya_Chuma:
Naona wa tatu amesahaulika, nami ndio ninaoupenda! Kichwa cha mfalme kilikuwa alama ya Weyersberg, kofia ya shujaa ya Kirschbaum, wote wafuaji wa Solingen, mji wa Ujerumani. Waliungana 1883. Chapa mbili zikikaa pamoja, upanga ni wa baada ya hapo. Sasa tazama ubapa: ukiona herufi VR ni enzi ya Victoria, aliyefariki 1901. Tayari una miaka isiyofika ishirini, kutokana na chapa ndogo kuliko punje ya mtama.

Solingen ilifulia nusu ya dunia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vitara vyake vilivuka bahari kwa wingi, vikafanana kabisa na vile vya Ames, mtengenezaji wa Kimarekani wa mji wa Chicopee, kwa sababu mtindo wa Marekani wa 1840 ulifuata huo huo wa Kifaransa wa 1822. Umbo halikwambii kitu. Fuata chapa.

Ala_Tupu:
Nakubali, Kofia. Na ndugu Mfuo, ukija siku moja kununua upanga wa askari wa kawaida wa Uingereza, tafuta mshale mpana, alama ya mali ya serikali. Mishale miwili ikielekeana ncha kwa ncha, upanga uliondolewa jeshini na kuuzwa kihalali. Chapa ya taji ina herufi chini yake: B ni Birmingham, E ni Enfield, S ni Solingen. Ndiyo, Waingereza waliweka wakaguzi hadi Ujerumani.

Mfuo_wa_Kati:
Nimerudi kukiangalia kitara kwa tochi kama dada Bint_Mhunzi alivyoelekeza. Mkono ulinitetemeka. Nimesoma "Imp", kisha "Chatell", kisha 18 na 5, tarakimu ya mwisho imeliwa na kutu. Ala yake ina namba, na kikingio cha mkono kina namba hiyo hiyo.

Bint_Mhunzi:
Imp na 185 inakuweka kati ya 1852 na 1859. Na ala ni yake! Vitara vingi vya askari vimeachana na ala zake zamani. Kutu hiyo iache, ipake mafuta tu.

Mfuo_wa_Kati:
Nakichukua hicho. Wilkinson nimeandika namba yake pembeni, mwakani Mungu akipenda.

Ala_Tupu:
Nitumie hiyo namba, nikusaidie kuutafuta mwaka wake wakati unajibana.