Mliofanya kazi nje mkarudi Kigoma, pensheni ya kule mliitoaje? Tupeane uzoefu

Mwisho wa Reli:
Wakuu, salaam. Juzi nipo Kibirizi nasubiri mzigo, nikapiga stori na jamaa mmoja muuza dagaa. Kumbe miaka ile alikuwa Australia, anasoma huku anafanya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee. Namuuliza, pensheni yako ya kule uliitoaje? Ananijibu, "Pensheni gani?" Nilichoka. Kule mwajiri analazimika kukuwekea juu ya mshahara, tangu Julai 2025 ni asilimia 12. Mgeni wa muda ukishaondoka na visa imeisha, unaiomba. Mwenye uzoefu wa nchi yoyote amwage hapa.

Ujiji Kwetu:
Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi.

Binti wa Mwanga:
Umenikumbusha machungu, kaka. Mimi visa yangu ilikuwa ya mwanafunzi. Nimefika nyumbani, nimepumzika, nimekula migebuka nimeshiba, ndio nafungua akaunti ya mfuko. Inataka namba ya siri, na namba inatumwa kwenye laini ya kule. Laini ilishakufa. Nikaandika barua pepe, wakataka nakala ya pasipoti iliyothibitishwa. Nikaenda kwa wakili, akagonga muhuri wake mkubwa katikati ya namba ya pasipoti. Ikakataliwa. Nikarudia. Mara majina hayafanani, pasipoti ina matatu na kazini nilisajiliwa kwa mawili. Kuhangaika hivyo, miezi sita ikapita, nikaambiwa hela haipo tena kwenye mfuko, imehamishiwa mamlaka ya kodi ya Australia. Nikaanza upya huko.

Mwisho wa yote ikaja hundi. Dola za Australia! Nikaibeba mpaka benki moja hapa mjini. Yule kaka wa dirishani akaigeuza, akaiangalia kwenye mwanga, akamwita mwenzake, nao wakamwita meneja. Meneja akanirudishia kwa adabu kabisa: "Dada, hii kwa hapa ni karatasi tu." Nililia pale pale kwenye kiti cha wateja, na foleni yote inanitazama.

Kilichoniokoa ni akaunti ya benki ya kule, sikuwa nimeifunga. Nikairudisha hundi, wakaingiza huko, nikajihamishia mwenyewe. Kodi asilimia 35 ilishakatwa. Iliyobaki nikapata kiwanja Katubuka.

Kasulu Jeuri:
35 wapi? Kodi ni 65. Msidanganye watu. Rafiki yangu Mwitaliano alikatwa 65 mbele ya macho yangu.

Binti wa Mwanga:
Huyo Mwitaliano alikuwa anachuma matunda huku anatalii, sio? Hiyo ni visa ya likizo na kazi, hao ndio wanaokatwa 65 tangu Julai 2017. Tanzania haimo kabisa kwenye mpango huo. Mimi nimekuwekea kilichonitokea, wewe unaleta cha Mwitaliano.

Kasulu Jeuri:
Haya, profesa.

Dada wa Kibondo:
Nyie mnalia hundi, sisi wa Saudia tuseme nini? Kazi za ndani hamna mfuko. Sheria yao inasema ukimaliza miaka minne mfululizo kwa mwajiri mmoja, unastahili mshahara wa mwezi mmoja wa kuagia. Nilipomkumbusha kafili wangu, akacheka. Uwanja wa ndege akanipa boksi la tende.

Ujiji Kwetu:
Tende zilikuwa nzuri lakini?

Dada wa Kibondo:
Una laana wewe.

Mha Mtulivu:
Ujerumani unasubiri miezi 24 tangu uache kuchangia, na wanakurudishia ile uliyokatwa wewe tu. Ya mwajiri inabaki kwao. Ila hapa nyumbani nako tusijisifu. Fao la kujitoa liliondoka 2018, sasa ni fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita.

Mwisho wa Reli:
Na huyu jamaa yangu wa Kibirizi ameshachelewa?

Binti wa Mwanga:
Hajachelewa, haipotei. Aombe mtandaoni, ni bure. Atafute namba yake ya mlipakodi na hati za mshahara. Akitokea mtu anataka asilimia ili amfuatilie, akimbie.

Kasulu Jeuri:
Au alipe tu huyo mtu. Muda nao ni hela, dagaa watamuozea.

Shangazi wa Ujiji:
Wanangu, nisaidieni mimi. Kaka yangu alifia huko huko Australia. Tumeanua matanga, tukaanza kufuatilia mfuko wake. Tunaambiwa kwenye fomu ya mrithi ameandika jina la mwanamke ambaye ukoo mzima hatumjui. Mkewe wa ndoa yupo hapa na watoto. Huyo mwanamke amejibu barua yetu, anasema waliishi nyumba moja kama mume na mke.

Ujiji Kwetu:
Eeeh! Karanga nimezimwaga.

Mha Mtulivu:
Mzungu au wa huku huku?

Shangazi wa Ujiji:
Jina la Kisukuma.

Kasulu Jeuri:
Hana haki, hawakufunga ndoa. Imeisha hiyo.

Binti wa Mwanga:
Kwa sheria ya kule mwenza mnayeishi naye bila ndoa anahesabika. Mke wa ndoa na watoto nao waandike madai yao kwenye mfuko haraka, wasisubiri.

Mwisho wa Reli:
Wakuu, turudi kwenye mada.

Dada wa Kibondo:
Mada ndiyo hii sasa. Shangazi, huyo Msukuma ana mtoto?

Binti wa Mwanga:
Shangazi, fomu ilijazwa mwaka gani? Kwenye mifuko mingi ule uteuzi wa mrithi ambao mfuko unalazimika kuufuata unaisha nguvu baada ya miaka mitatu usipousaini upya. Ikiwa umeisha, mfuko wenyewe ndio unaamua agawiwe nani.

Shangazi wa Ujiji:
Ahsante mwanangu. Ngoja nimpigie wifi, karatasi zote anazo yeye.

Ujiji Kwetu:
Wifi yupi?