Akademi au nasari ya serikali? Tuzungumzie na saa sita mchana

Wazazi wenzangu wa Luanda hapa Vihiga, Maseno na pande zote hizi, naomba tulijadili hili kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mtoto wangu anaingia PP1, mwaka wa kwanza wa nasari, na kila ninayemuuliza ananijibu neno moja: akademi, yaani shule ya binafsi ya kulipia. Sababu huwa mbili, Kiingereza na homuwaki.

Zote mbili sizikubali. Mtaala wa umilisi, tuliozoea kuuita CBC, unataka mtoto wa PP1 ajifunze kwa michezo, kwa lugha inayozungumzwa alipo, na hapa mjini hiyo ni Kiswahili na Kinyore. Juzi jioni nilikuwa kwa jirani. Binti yake, miaka minne, ameagizwa aandike 1 mpaka 50. Penseli kaishika kwa ngumi nzima, kila 3 imegeukia upande wa pili, na mama anafuta kwa raba hadi karatasi inatoboka. Mtoto anasinzia. Vidole vile vinahitaji kwanza kufinyanga udongo na kupukuchua mahindi. Kuandika kutakuja.

Nasari ya serikali nayo nimeitembelea, na sitaficha nilichokiona. PP1 na PP2 chumba kimoja, mwalimu mmoja, watoto hadi mlangoni. Choo ni kile cha wanafunzi wakubwa, tundu pana hata mdogo anaogopa kuchuchumaa. Uji upo kwa sababu wazazi wamechanga. Haya yana chanzo: elimu ya bure ya 2003 iliondoa karo kuanzia darasa la kwanza, nasari ikaachwa nje, kisha Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti. Ndiyo maana katika uwanja mmoja wa shule mwalimu wa Gredi ya 1 ni wa TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, na mwenzake wa nasari ni wa kaunti.

Lakini nikiwasikiliza wazazi sokoni, naona kinachowapeleka akademi zaidi ya vyote ni saa. Nasari ya serikali inawaachilia watoto mnamo saa sita. Mama anayeuza omena atampeleka wapi mtoto wakati huo? Atamkalisha chini ya meza ya biashara, hatua chache tu kutoka barabara ya Kisumu–Busia na malori yake. Akademi inamlisha na kukaa naye mpaka saa kumi. Hapo ndipo karo yetu nyingi inapokwenda, na tungelisema hivyo waziwazi tungejua la kudai.

Msimamo wangu: mtoto aende nasari ya karibu, anayoweza kufika kwa miguu, na kaunti iiongezee mchana, yaani chakula, mikeka ya kulalia na mlezi. Mnasemaje?

Baba wa watoto wawili, Chavakali: Mama, umesema vizuri ila umerukia mbali. Mimi wangu nilimtoa nasari ya serikali baada ya mkataba wa mwalimu kuisha na muhula kuanza bila mtu darasani. Kaunti inaweza kungoja bajeti, mtoto wa miaka minne hangoji. Akademi ninayolipa kwa pesa ya bodaboda, mwalimu anamjua mwanangu kwa jina, na asipofika shuleni ananipigia simu.

Mwalimu wa PP2, Yala: Ulizeni pia huyo mwalimu wa akademi amesomea wapi. Wengine wametoka kidato cha nne moja kwa moja hadi ubaoni. Sisi wa kaunti tumesomea watoto wadogo. Na msitishwe na usaili wa Gredi ya 1: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua kama atapata nafasi. Ila mama, msinibebeshe mchana kwa mshahara huu huu. Mlezi wa mchana awe mtu mwingine, na alipwe.

Mama wa Luanda: Mwalimu, nakubali, awe mtu mwingine. Ndugu yangu wa Chavakali, hilo la jina ni zito. Pale nilipotembelea, mwalimu hana namna ya kuyajua majina yote kabla muhula haujaisha, na siwezi kumlaumu mzazi anayemtoa mtoto kwa sababu hiyo. Bado nasema tusitoke kimya. Makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi lazima wasikilizwe kwanza. Katika kikao nilichohudhuria, barabara na taa za soko vilimaliza muda wote. Nasari haikutajwa na mtu, mimi mwenyewe nikiwemo. Safari hii nataka twende na ombi moja lililoandikwa: mlezi wa mchana na chakula, tuanze na nasari moja tuone. Nani yuko tayari kutia sahihi, na tuanze na nasari ipi?