Mbwa ananyonyoka manyoya mgongoni mpaka ngozi inaonekana, tatizo ni nini?

mlinzi_wa_geti:
Wakuu habari zenu. Nina mbwa jike, umri kama miaka mitatu hivi, chotara tu sio wa mbegu ya maana. Siku za karibuni manyoya yanamtoka vibaya sana, yalianza pale juu ya mkia yakapanda mgongoni, sasa hivi kuna sehemu imebaki ngozi tupu tena imekuwa nyeusi na nene hivi, na kingo za masikio nazo naona zimeanza kutoa magamba. Anajikuna usiku kucha mpaka na sisi hatulali. Kula anakula vizuri, mbio anapiga kama kawaida, macho hayana shida.

Sasa kila mtu ana jibu lake. Mmoja kaniambia ni vitamini zimepungua, mwingine anasema nimpake oli chafu ya gari itaisha yenyewe, wa tatu anasema homoni kwa sababu hajawahi kuzaa. Nimsikilize nani? Na je inaambukiza, maana watoto wangu wanamkumbatia muda wote.

kaka_mkubwa77:
Badilisha chakula mkuu. Mbwa akila ovyo manyoya lazima yatoke. Mpe na mafuta ya samaki, utaleta majibu hapa.

Bi_Chausiku:
Kaka mkubwa usimpeleke mwenzio mbali hivyo, chakula kinaweza kuwa sababu ndio ila sio cha kuanza nacho kwa huyu.

Mimi nilifanya kazi ya kusaidia kwenye kliniki ya wanyama miaka mingi na kitu cha kwanza daktari alikuwa anamuuliza mwenye mbwa, hata kabla hajamgusa mbwa mwenyewe, ni anajikuna au hajikuni? Jibu la hapo linakata orodha nusu. Mbwa anayenyonyoka bila kujikuna kabisa, manyoya yanapungua taratibu pande zote mbili sawasawa, kulia kama kushoto, hapo ndio unawaza homoni. Kwa mfano tezi ya shingo ikizembea, hiyo huwapata zaidi mbwa wa umri wa kati kwenda uzee, utamkuta ananenepa wakati chakula ni kile kile, mvivu, anatafuta sehemu yenye joto, na mkia unabaki kama wa panya. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa kila saa, tumbo limening'inia na ngozi imekuwa nyembamba, hiyo ni homoni nyingine, ya tezi zilizo juu ya figo, na wakati mwingine inaletwa na sindano au vidonge vya steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe na kuwashwa) alivyopewa muda mrefu. Hayo yote yanapimwa kwa damu, hayapimwi kwa macho.

Huyu wako anajikuna usiku kucha, ana miaka mitatu na anapiga mbio. Habari ya homoni iweke pembeni kwanza. Na kutozaa hakunyonyoi manyoya, kinyume chake jike aliyezaa ndio mara nyingi anapukutika miezi michache baada ya kuzaa halafu yanarudi yenyewe.

Cha pili ni MAHALI. Juu ya mkia na nyuma ya mgongo, ikishuka mpaka mapajani kwa nyuma, hiyo ni sehemu ya viroboto. Mbwa mwenye aleji ya mate ya kiroboto haitaji viroboto mia, wachache tu wakimng'ata anajitafuna mpaka anajitoa damu. Ngozi kuwa nyeusi na nene maana yake imekunwa muda mrefu, sio ugonjwa mwingine tofauti.

mlinzi_wa_geti:
Dada shukrani sana. Ila viroboto mimi sijaviona, nimempekua mpaka nimechoka.

Bi_Chausiku:
Kutoviona sio ushahidi. Mbwa anayejilamba na kujitafuna anavimeza vyote, utampekua utakuta patupu (na ndio njia anayopatia tegu pia, kwa kumeza kiroboto chenye kiluwiluwi cha tegu ndani). Tafuta kinyesi chao badala ya wao wenyewe. Chukua kitana cha meno ya karibu karibu, mchane pale juu ya mkia kwa kukandamiza mpaka kiguse ngozi, halafu kung'uta kwenye tishu nyeupe iliyolowa maji. Vitadondoka vichembe vyeusi. Subiri kidogo uangalie, kama ni vumbi vitabaki vyeusi, kama ni kinyesi cha kiroboto kila kichembe kitaanza kuzungukwa na rangi nyekundu ya kutu, hiyo ni damu ya mbwa iliyosagwa.

nusu_chongo:
Naongezea hapo kwenye masikio maana naona watu wamepita juu juu. Kingo za masikio zenye magamba + kujikuna usiku = ningewaza upele wa utitiri. Huyu mdudu anachimba ndani ya ngozi na anapenda sehemu zenye manyoya machache, kingo za masikio, viwiko, tumbo, vifundo vya miguu ya nyuma. Kuna kajaribio, shika ukingo wa sikio ukunje usugue kwa kidole gumba na cha shahada, ukiona mguu wa nyuma wa upande huo unaanza kupiga hewani kama anajikuna, basi upele unawezekana sana. Sio uhakika asilimia mia ila ni dalili nzuri.

Na ndio unaambukiza, mbwa kwa mbwa ni haraka mno, kwa binadamu unaweza kupata vipele vinavyowasha mikononi na tumboni ila mdudu wa mbwa hawezi kuendelea kuzaliana kwenye ngozi ya mtu, mbwa akipona na nyie mnapona.

Usichanganye na ule utitiri mwingine, demodeksi, ambao karibu kila mbwa anao tangu kwa mama yake akiwa ananyonya na haumsumbui mpaka kinga ishuke. Huo unapenda watoto wa mbwa, vipara vidogo kuzunguka macho na mdomo na miguu ya mbele, mara nyingi hata hawashwi, na kwa binadamu hauendi. Vipara viwili vitatu vya aina hiyo kwa mtoto wa mbwa vinaweza kupotea vyenyewe bila dawa.

kaka_mkubwa77:
Sawa lakini kuna mbwa wa jirani alibadilishiwa chakula akapona, sijatunga.

Bi_Chausiku:
Hakuna anayesema umetunga. Aleji ya chakula ipo, ila mara nyingi mnyama anakuwa na aleji na nyama anayoila kila siku, kwa hiyo kumwongezea mafuta juu ya chakula kile kile hakujibu swali. Kujua kwa uhakika unampa chakula chenye aina moja ya nyama ambayo hajawahi kuonja maishani, wiki nane, bila mfupa wa pembeni wala makombo ya watoto, halafu unarudisha cha zamani uone kama anawashwa tena. Wengi wanashindwa wiki ya pili kwa sababu ya huruma. Ndio maana nasema ni ya kufika baadaye, ukishamaliza wadudu.

mlinzi_wa_geti:
Wadau nimefanya la tishu. Imetoka nyekundu kabisa, tena nyingi. La sikio nalo mguu unapiga ila kidogo kidogo sielewi niliweke upande gani. Sasa nimpake nini? Ile oli je, nisiifikirie kabisa?

nusu_chongo:
Oli chafu ACHA. Ina mabaki ya vyuma na sumu, inaunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda, na mbwa atailamba yote ikaenda kwenye ini. Watu wanasema imeponesha kwa sababu inawaziba pumzi baadhi ya wadudu, hawakuambii na wale mbwa walioharisha wakafa.

Na kitu kingine, usikimbilie sindano ya ivamektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu. Ile imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa, kukosea kipimo kwa mbwa ni rahisi mno, na mbwa wa ukoo wa Collie na jamaa zake wengi wana kasoro ya kurithi inayofanya dawa ipenye mpaka kwenye ubongo, anaanza kutetemeka, anapoteza macho, anazimia, wengine hawaamki. Wako ni chotara, hujui babu yake alikuwa nani.

daktari_wa_zizi:
Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma kimya kimya mpaka hapa, na Bi Chausiku kaeleza vizuri kuliko wenzangu wengi. Niseme machache.

Tishu imeshajibu, viroboto vipo. Lakini kuwepo kwa viroboto hakuzuii upele kuwepo pia, na kule kukuna kunaleta bakteria juu yake, utaona vipele vya usaha na harufu. Mpeleke akwanguliwe ngozi iangaliwe kwenye hadubini. Mdudu wa upele ni mgumu kuonekana, wanaweza wasimkute na bado yupo, kwa hiyo usishangae daktari akiamua kumtibu kwa kumshuku tu. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua viroboto, kupe na utitiri wa aina zote mbili kwa pamoja, kipimo kinafuata uzito wake, ndivyo ningeanza navyo. Kama ana historia ya degedege mwambie daktari kabla.

Usikubali sindano ya steroidi kabla ya kukwanguliwa. Atatulia usiku huo huo na utafurahi, ila kama ndani kuna utitiri au fangasi umewapa nafasi ya kuenea.

Kwa habari ya watoto, kinachonipa wasiwasi zaidi ya upele ni mapunye, ule fangasi wa kipara cha mviringo chenye magamba na nywele zilizokatika. Huo unahama kwa watu kirahisi hasa watoto. Maelezo yako hayafanani nao, ila wakague watoto, ukiona duara jekundu kwenye ngozi au kipara kichwani waende hospitali na useme nyumbani kuna mbwa mgonjwa. Kwa sasa wasilale naye.

mlinzi_wa_geti:
Daktari asante sana. Watoto nimewaangalia wako safi. Nyumbani kuna paka pia, nimpe dawa hiyo hiyo ya mbwa?

daktari_wa_zizi:
Hapana! Paka atibiwe ndio, ila kwa dawa yake. Dawa nyingi za matone za mbwa zina pemethrini, sumu ya kuua wadudu, na hiyo kwa paka inaua. Hata kama mbwa ndiye aliyepakwa, paka asimlambe wala kulala naye mpaka ikauke kabisa.

Na matandiko fua kwa maji ya moto kila wiki, fagia nyufa za sakafu na chini ya makochi, maana viroboto wengi hawako kwenye mbwa, wako huko wakiwa mayai na viluwiluwi, na wale walio kwenye kifuko wanakaa miezi wakisubiri mtu apite. Kwa hiyo ukiona viroboto vipya wiki ya tatu usiseme dawa ni feki, endelea kumpa kila inapofika tarehe. Kuwashwa kutapungua kwanza, manyoya yatafuata baada ya wiki kadhaa, na pale penye weusi patachelewa kuliko kwingine.