Naomba ushauri: programu ya kampeni ya wachawi itakubali meli za anga?

Mpigadadu: Wakuu salaam. Naendesha mchezo wa kuigiza wa mezani, Dungeons & Dragons. Wachezaji wawili wapo Dar, watatu wapo Ujerumani, kwa hiyo meza yetu ni ya mtandaoni. Kila kitu kipo kwenye programu ya kampeni, yaani ya hadithi ndefu tunayoicheza kipande kwa kipande: wahusika, ramani, nani anamdai nani, nani kamuua nani. Sasa nataka kubadili aina ya hadithi bila kuanza upya, na lazima iwe programu ileile. Visanduku vyote vimekaa kichawi: levo, uhai, orodha ya uchawi. Nimebandika majina mapya juu yake, hesabu zinagoma. Naomba majibu ya kiufundi tu.

Babu wa Kona: Wachawi tena? Kijana, oa.

FundiSeva: Unahamia aina gani? Ukienda kwenye upelelezi wa kutisha kama Call of Cthulhu, unahitaji kisanduku cha akili timamu, dadu za asilimia, na pa kufungia ushahidi ambao mchezaji hajaugundua. Aina nyingine, mahitaji mengine.

Mpigadadu: Tofauti na hii ya sasa. Tuseme ya kisasa zaidi.

FundiSeva: Mkuu, unamficha daktari ugonjwa.

Mpigadadu: Haya. Traveller. Anga za juu.

FundiSeva: Ungeanza na hilo! Traveller ni ya 1977, miaka mitatu tu baada ya D&D, lakini haina damu moja nayo. Hakuna kupanda levo. Hakuna kisanduku cha uhai: ukipigwa risasi, zinapungua nguvu zako, wepesi wako na ustahimilivu wako wenyewe. Dadu ni mbili za pande sita, unatafuta 8, siyo ile moja ya pande 20. Ndiyo maana majina yanabadilika na hesabu zinagoma. Kisha kuna vitu ambavyo fomu yako haijawahi kuviwaza: mafuta, mizigo, na mkopo wa meli, unaolipwa kila mwezi kwa miezi 480. Kuruka kutoka nyota hadi nyota huchukua kama wiki nzima, kwa hiyo kalenda ndiyo roho ya mchezo.

Gawa kazi. Maelezo ya watu, mahali, koo na uhasama hamisha yalivyo. Hayo hayajali aina. Fomu za wahusika usiziguse, fungua mpya. Kwenye Foundry, programu ya meza ya mtandaoni, kwa mfano, mfumo wa sheria unauchagua wakati wa kufungua ulimwengu wa mchezo. Fungua wa pili, uingize kurasa za maelezo. Kanka, ya kutunzia maelezo ya kampeni, nayo ina kalenda unayoipanga mwenyewe.

Babu wa Kona: Miezi 480 ni miaka 40. Hata huko angani kuna kausha damu?

Mwali wa Ilala: Mimi programu zilinishinda. Kaunta buku kubwa, kalamu tatu za rangi. Tulicheza chuoni hadi mmoja wetu akaolewa na mwendesha mchezo, kundi likafa. Sijawahi kumsamehe. Lakini wachezaji wako wanaionaje hiyo Traveller?

Mpigadadu: FundiSeva, kufungua ulimwengu mpya haiwezekani.

Mwali wa Ilala: Nimeuliza wachezaji.

Mpigadadu: Bado hawajajua. Ni sapraizi. Wanalala pangoni, wanaamka ndani ya meli. Ndiyo maana nataka programu ileile: wakiingia Jumamosi waone mlango waliouzoea.

Mwali wa Ilala: Mtu kamlea mchawi wake hadi levo ya tisa, unamwamsha ni baharia mwenye mkopo? Waulize kwanza.

Mpigadadu: Nikiuliza inakuwa siyo sapraizi. Halafu kijana wa kompyuta nimeshamlipa nusu abadilishe visanduku. Wataipenda, nawajua.

Ustaadhi Mpole: Hela hiyo ungempelekea mama kijijini.

Mtoto wa Geti: Chai hii, tena ya tangawizi. Mwezi uliopita ulifungua uzi unatafuta laptop ya laki tatu isiyokwama. Leo una seva na watu wa Ujerumani?

Kibatari: Nilihisi mapema. Sasa hivi anakuja "kijana wa kompyuta" na namba ya kulipia.

Mpigadadu: Sina cha kuuza! Laptop ndiyo hiyohiyo ya laki tatu. Seva siyo yangu, ni ya mshikaji wa Ujerumani, ndiye anayecheza mchawi.

FundiSeva: Ngoja kwanza. Mwenye seva ni mchezaji? Na huyo kijana anabadilishia humohumo?

Mpigadadu: Ndiyo. Lakini huyo jamaa huwa hafungui mafaili.

Mwali wa Ilala: Hahaha. Muulize meli inaitwaje.