Mtera mwezi wa 12 kuna maji au tutakuta tope?

Kijana wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Mimi na washkaji zangu hapa Dar tumechoka fukwe za Coco na Kigamboni kila wikiendi, likizo ya Desemba tunataka kuibukia bwawa la Mtera, kule kati ya Dodoma na Iringa, tukodi mtumbwi, tuvue perege, tupige picha na ile miti mikavu iliyosimama majini. Sasa kuna jamaa katukatisha tamaa, anasema mwezi huo tutatembea kwenye tope. Kweli hiyo? Bwawa kubwa vile maji yanaenda wapi?

Muhehe wa Mbezi: Hajakosea sana huyo. Kukauka lote hapana ila Desemba ndio mwezi wake mbaya. Iko hivi mkuu, Mtera ni ghala la maji ya umeme, yanapita mashine za hapo hapo megawati 80 halafu yanateremka na Ruaha Mkuu mpaka Kidatu kwenye megawati 204, kwa hiyo kiangazi chote wanayafungulia tu huku ya kuingia hakuna ya maana, Usangu kwenyewe, huko juu mto unakotoka, kukavu. Likijaa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, mwisho wa kuchota maji ya umeme ni 690. Utaona mita nane na nusu ni nyingi, sasa lile bwawa limelala kama sinia, yakishuka mita moja tu ukingo unakimbia huko mbali unabaki na tope lako. 2006 yalienda chini ya hiyo 690 na mgao wa umeme tulioupata wazee wa humu wanaujua.

bibi harusi mstaafu: Nendeni mwezi wa 5 mwishoni au wa 6 mdogo wangu, masika yameisha bwawa limeshiba. Na msijitie kuogelea, viboko na mamba wapo kweli sio hadithi. Maji yakipungua ile miti mnayoitaka kwa picha visiki vyake vinajificha chini kidogo tu ya maji, mtumbwi ukigonga hapo mtanitafuta. Laifu jaketi bebeni za kwenu.

Dogo Janja77: si muende bwawa la Nyerere Rufiji tu, ni jipya na kubwa

Muhehe wa Mbezi: @Dogo Janja77 lile liko hifadhini kaka, huendi na ndoano yako kama unaenda Feri.

Kijana wa Tabata: Haya dada nimekuelewa, tumesogeza Juni. Hivi tukipanda treni ya SGR mpaka Dodoma halafu tudake basi la Iringa si tunashukia hapo hapo?

bibi harusi mstaafu: Ndio, barabara inapita juu ya tuta la bwawa lenyewe, ila pale tutani ulizeni walinzi kwanza kabla hamjatoa simu. Kama njaa inauma mwambieni konda awashushie Migoli mbele kidogo, samaki wa kukaanga wapo barabarani, bei mpatane maana wakisikia lafudhi ya Dar inapanda.