Msaada wa haraka: whatis inanijibu "rien d'adéquat" kwa kila komandi

mwana_katuba, Ijumaa saa 2:10 usiku
Jambo yenu bandugu. Niko Lubumbashi. Nina mashine ya Linux, Ubuntu, haina intaneti, hapa naandika kwa simu. Nataka kujua komandi fulani zinafanya kazi gani, kila moja kwa mstari mmoja tu, si kurasa ishirini. Rafiki aliniambia niandike whatis halafu jina la komandi. Nikiandika whatis ls, "rien d'adéquat", yaani hakuna kinachofaa. Nikiandika whatis tar, "rien d'adéquat". Sasa mashine nzima haina kitu cha maana? Nahitaji kabla ya Jumatatu asubuhi. Asanteni.

fundi_kasapa, saa 2:25
Mashine yako ni nzima. whatis yenyewe haijui kitu, inachungulia faharasa tu. Kila ukurasa wa man (kitabu cha maelezo ya komandi kilichomo ndani ya mashine) una mstari mmoja juu wenye jina la komandi na maelezo mafupi, na faharasa ni mistari hiyo iliyokusanywa pamoja. Isipojengwa, utajibiwa hivyo hivyo hata ukiuliza ls. Andika man ls. Ukurasa ukifunguka, basi kinachokosekana ni faharasa: andika sudo mandb (sudo ni kwa mamlaka ya msimamizi, itakuomba neno la siri), subiri imalize, uliza tena. Usipofunguka, kurasa zenyewe hazimo. Kuna Ubuntu zilizopunguzwa ambazo huja bila kurasa za man, na hapo utahitaji intaneti. Tuambie umeona nini.

mama_bukari, saa 2:31
Jumatatu kuna nini?

dada_wa_kadutu, saa 2:40
Umenikumbusha mbali. Mimi kompyuta nimejifunzia saiba (intaneti kafe) ya Bukavu, unalipa kwa dakika. Nikaona nitakuwa mjanja: badala ya kusoma pale pale, nichapishe ukurasa wa man wa bash (programu inayopokea komandi unazoandika) nikasome nyumbani. Nilidhani "ukurasa" ni ukurasa! Printa ilianza, haikunyamaza. Makaratasi yakawa mzigo. Pesa ya usafiri yote ikaishia pale, nikapanda Kadutu kwa miguu, mvua juu, bash kwapani. Baada ya wiki mama akaanza kuyafungia samaki wadogo, sambaza. Mpaka leo nikiona neno bash nasikia harufu ya sambaza.

mzee_wa_terminali, saa 3:02
Kitabu cha kwanza cha Unix, babu wa Linux, kina tarehe ya 3 Novemba 1971, na watu walikisoma kwenye karatasi, mwanzo hadi mwisho. whatis na mwenzake apropos, Bill Joy, mwandishi wa Unix ya Berkeley, aliziandika Februari 1979 kumsaidia mtu aliyekwisha soma lakini amesahau kidogo. Hakuziandika kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kusoma. Vijana wa leo mnataka kuonja chumvi mseme mmekula bukari (ugali).

mwana_katuba, saa 3:20
Mukubwa fundi_kasapa, Mungu akubariki. man ls imefunguka. Nimefanya sudo mandb, mistari mingi ikapita, sasa whatis inajibu. Ila cd bado "rien d'adéquat". Na kwa mount inanipa mistari miwili, mmoja una (2), mwingine (8). Nichague upi?

fundi_kasapa, saa 3:34
cd haina ukurasa wake kwa sababu si programu, iko ndani ya bash yenyewe. Kwa hizo andika help -d cd, utapata mstari mmoja uleule unaoutaka. Ukiwa na shaka, type cd itakuambia kama ni ya ndani.
Namba kwenye mabano ni sehemu ya kitabu. (1) ni komandi za kila mtu, (2) ni miito ya kernel (kiini cha mfumo) ambayo wanaitumia waandishi wa programu, (5) ni miundo ya faili, (8) ni kazi za msimamizi wa mashine. Wewe unataka mount ya (8). Na usifikiri kwamba (1) maana yake haina hatari. rm nayo ni (1).

kijana_wa_kamalondo, saa 3:41
Kama hujui jina la komandi ila unajua kazi, tumia apropos, inatafuta hadi ndani ya maelezo. Kichekesho ni hiki: Wamarekani wamechukua neno la Kifaransa, à propos (kuhusu), wakaliita komandi. Sisi Wakongo tunalielewa bila kufundishwa, tunaandika apropos copier (kunakili kwa Kifaransa), hola! Maelezo ndani ni ya Kiingereza, ni lazima uandike copy. Wamekopa mlango, nyumba wakabaki nayo.

wa_morogoro, saa 3:50
Wakuu salaam kutoka Tanzania. Na kwenye Windows inakuwaje?

mama_bukari, saa 3:52
wa_morogoro subiri kidogo. mwana_katuba, nimekuuliza swali moja, umelipita kama nzi juu ya chai. Jumatatu kuna nini, na hizo komandi ni zipi?

mwana_katuba, saa 4:15
Mama si kitu kikubwa. Ni kazi ya mwisho wa mwezi kwenye depo ya unga. Kuna daftari la fundi aliyekuwapo mbele yangu, komandi amezipanga kwa mkono, mimi nazifuata. Ni cd, df -h, mount, ls -l. Na moja ya rsync, lakini hiyo nimekwisha ielewa: whatis imeniambia ni chombo cha haraka cha kunakili faili. Kunakili ni kitu kizuri. Kwa hiyo nadhani tumemaliza.

fundi_kasapa, saa 4:17
Hatujamaliza. Andika hapa mstari wote wa rsync, herufi kwa herufi, hata alama za mwisho.

mwana_katuba, saa 4:38
rsync -a --delete /mnt/disiki/ /srv/depo/

fundi_kasapa, saa 4:40
Usiuguse huo mstari. Hesabu za kila siku zinakaa wapi? Na disiki ya nje ilichomekwa mara ya mwisho lini?

mwana_katuba, saa 4:59
Hesabu ziko /srv/depo. Disiki iko kwenye kabati ya bosi.

mama_bukari, saa 5:00
Lini?

mwana_katuba, saa 5:21
Machi.

mama_bukari, saa 5:22
Na sasa tunamaliza Mei.

mwana_katuba, saa 5:40
Wacheni niseme yote. Fundi aliondoka mwanzo wa Aprili. Bosi ni mjomba wangu, akaniuliza kama nayajua haya mambo ya Linux, nikamwambia ndiyo. Kila mwisho wa mwezi akiniuliza "umetunza nakala?" nasema ndiyo. Jumatatu anakuja mkomptabli (mhasibu) kutoka nje kuangalia disiki. Mpango wangu ni kufanya Jumapili usiku, ili disiki ionekane na tarehe mpya. Na musinilaumu kwa mstari ule, si mimi niliyeuandika. Yule fundi aliijua kazi. Mimi ni nani nibadilishe daftari lake?

fundi_kasapa, saa 5:52
Sikuambii ubadilishe daftari, nakuambia usome mstari. rsync inachukua kutoka folda ya kwanza inapeleka kwenye ya pili. Ya kwanza kwako ni disiki, yenye mambo ya Machi. Ya pili ni mashine. Na --delete inasema: chochote kilicho kwa wa pili na hakiko kwa wa kwanza, kifute. Aprili na Mei ziko kwa wa pili peke yake. Umeona sasa?
Na ukisahau kuchomeka disiki kabisa, /mnt/disiki ni folda tupu. Itaifanya depo ifanane na utupu.
whatis haikukudanganya. Imekutajia jina la dawa. Kipimo na mdomo wa kuinywesha haimo kwenye mstari mmoja, viko ndani, kwa man rsync.

dada_wa_kadutu, saa 6:03
Mimi namhurumia. Binamu yangu naye alisema anajua kuendesha lori...

mlinzi_wa_goma, Jumamosi saa 1:15 asubuhi
Nimesoma uzi wote na kahawa yangu. Niruhusiwe kusema: hii hadithi imetungwa. Mtu hajui whatis, lakini neno la siri la sudo analo. Mashine haina intaneti, lakini komandi anatuandikia bila kosa hata moja la kidole. Tatizo la kwanza ni faharasa, la pili komandi ya ndani ya bash, la tatu namba za sehemu, la nne mwelekeo wa rsync. Maisha hayaji kwa mpangilio wa silabasi! Hii ni TP (kazi ya mazoezi) ya chuo. Asistanti ametoa swali, bwana mdogo anakusanya majibu yetu, Jumatatu anaweka mezani.

kijana_wa_kamalondo, saa 1:30
Kwa kweli Jumatatu ndiyo siku ya kutoa TP.

mwanafunzi_L2, saa 1:44
Samahani wakubwa, kama ni TP, ni ya promosheni (mwaka wa masomo) gani? Swali la 4 mimi limenishinda.

mzee_wa_terminali, saa 2:10
Nilisema mapema. Kizazi cha kuonja chumvi.

mama_bukari, saa 2:26
TP au si TP, kuna mtu anaweza kusoma hapa mwaka ujao akiwa na mstari huohuo mkononi. mwana_katuba, neno la siri umelitoa wapi?

mwana_katuba, saa 3:05 asubuhi
Limeandikwa juu ya daftari, kwenye ganda, kwa bic nyekundu. Kila mtu wa depo analijua hadi mlinzi wa usiku. Na komandi siandiki bila kosa, nafuta na kuandika tena, ndiyo maana nachelewa kuwajibu. Usiku tulikosa umeme, nimekaa na betri ya simu asilimia 9 nikisoma watu wananiita mwongo. Mimi ni mwongo kwa mjomba. Kwenu hapa sijadanganya.

fundi_kasapa, saa 3:12
Achana nao. Chomeka disiki, andika mount uione iko kwenye orodha, kisha andika mstari uleule lakini uongeze v na n: rsync -avn --delete /mnt/disiki/ /srv/depo/. Hiyo n inafanya mazoezi tu, haigusi faili hata moja. Itakuambia ingefanya nini. Kila penye neno deleting ni faili ambayo ingefutwa. Faili iliyotajwa bila neno hilo ingenakiliwa kutoka disiki, na kama iko tayari kwenye mashine, ingefunikwa na ile ya Machi.

mwana_katuba, saa 5:47 asubuhi
Umeme umerudi. Nimefanya na n, nimeangalia mara tatu kama n iko.
deleting mauzo/mei.ods
deleting mauzo/aprili.ods
deleting madeni/kenya_na_katuba.ods
stoki.ods
Hiyo ya madeni ni watu wote wa komini (mitaa ya hapa Lubumbashi) za Kenya na Katuba waliochukua magunia kwa mkopo tangu Pasaka. Hakuna karatasi. Miguu inanitetemeka.

mlinzi_wa_goma, saa 5:55
Hm. Asistanti hawezi kubuni faili ya madeni. Naondoa neno langu, nusu.

fundi_kasapa, saa 6:01 mchana
Sasa geuza: rsync -avn /srv/depo/ /mnt/disiki/, bila --delete, usome itakachosema, ndipo utoe n. Lakini bado najiuliza. Fundi aliyeandika vizuri namna hiyo alikoseaje mwelekeo?

mwana_katuba, saa 8:20 mchana
Hakukosea. Nimefunua ukurasa wa nyuma. Juu kabisa ameandika KUTUNZA, na mstari wa rsync uko hapo, umegeuzwa kama ulivyosema. Huu wangu niliokuwa nausoma tangu juzi, kona ya juu imeliwa na panya. Si munajua depo ya unga. Kichwa kimebakiza herufi tano: DISHA.

kijana_wa_kamalondo, saa 8:24
whatis disha
disha: rien d'adéquat.

mama_bukari, saa 8:31
KURUDISHA. Ee Mungu. Na mjomba umemwambia?

mwana_katuba, saa 8:50
Nakili ndiyo inakwenda sasa, iko kwenye madeni. Ikimaliza nitapanda kwake. Yuko nyumbani, anakula.

wa_morogoro, saa 9:15 alasiri
Na kwenye Windows wakuu?