Naomba ushauri: kupima zebaki kwenye sangara mwaka hadi mwaka

Habari zenu wakuu. Niko kwenye kikundi cha BMU (kikundi cha wananchi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) upande wa Geita, Ziwa Victoria. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huku wanatumia zebaki, na mvua ikinyesha tope la marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu) huishia ziwani. Tunataka kujua kama zebaki kwenye samaki inapanda au inashuka.

Tunapima sangara, kwa kuwa anakula samaki wenzake na sumu inajikusanya kwake. Tunakata mnofu wa mgongoni bila ngozi, tunagandisha, tunapeleka maabara. Tatizo ni hili: mwaka jana tulipata wakubwa, karibu sentimita 80, mwaka huu wengi ni 50 na kitu. Kiwango kimeshuka, lakini siamini, maana sangara mdogo ana zebaki kidogo hata kama ziwa halijabadilika. Tumejaribu kuwagawa kwa urefu, kila kundi likabaki na samaki wachache mno.

Je, tushikilie urefu mmoja kila mwaka, tuseme sentimita 55 hadi 65, au tupime saizi zote kisha tusawazishe kwa hesabu? Na tukiongeza dagaa, ambaye haishi muda mrefu, tutaona mabadiliko mapema zaidi? Akina mama wa mwaloni (samaki wanaposhushwa) wananiuliza kuhusu chakula cha watoto wao, nataka niwajibu kwa uhakika.